Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu Tanzania na waandishi wa filamu za Kiswahili: Mganga aondoke kwenye kiti cha mpelelezi

Nchelenge, Mkoa wa Luapula, Zambia

Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Filamu. Ndugu zetu waandishi wa miswada, watayarishaji na waongozaji,



Barua hii inatoka ufukweni mwa Ziwa Mweru, mahali ambapo pengine hamkudhani kwamba mna watazamaji. Mnao. Ng'ambo ya maji ni Kilwa na Pweto za Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, na wafanyabiashara wa kule huvuka kuja Nchelenge na Kashikishi kutafuta riziki. Tangu mwanzoni mwa 2018 wilaya hii ina pia makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kupokea wakimbizi kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Wenyeji huzungumza Kibemba, lakini anayeishi karibu na soko hukisikia Kiswahili tangu utotoni. Filamu zenu hufika hapa ndani ya flashi na memori kadi, mkono kwa mkono, na hutazamwa kwenye simu au kwenye mabanda ya video yenye sola, kwa kuwa umeme si wa kutegemea. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la Kariba, Zambia nzima ilikaa gizani saa nyingi za kila siku. Na kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo mitatu ya mvua, nyavu zikiwa zimetundikwa, jioni ni ndefu na filamu zina kazi kubwa.

Ninayeandika ni mtazamaji wa kawaida. Sifuatilii nani kapewa tuzo, sisomi uchambuzi kabla ya kutazama, natazama kinachopatikana. Ninachopenda ni aina tatu ambazo nadhani ndizo zinazopendwa na wengi: filamu za kusisimua, tamthilia za uhalifu na upelelezi, na zile za kutisha zinazochekesha humo humo. Lalamiko langu ni moja, ingawa nitalieleza kwa hoja kadhaa. Katika aina zote tatu, filamu nyingi mno za Kiswahili humwachia mganga kazi ya kufichua ukweli. Ramli ndiyo inayotaja mkosaji, na neno la ramli ndilo hukumu. Jambo hilo linaiharibu hadithi, na nje ya hadithi linasaidia kuumiza watu.

1. Ramli inaua taharuki. Mfuatano wenyewe mnaujua, kwani ninyi ndio mnaoupiga picha. Tajiri anaanguka ghafla mezani, au mtoto anapotea, au binti anaanza kupiga kelele usiku. Polisi wawili wanaingia, mmoja ameshika daftari, wanauliza maswali mawili na hawaonekani tena mpaka mwisho. Kisha gari linakata kona kwenye barabara ya vumbi na kusimama mbele ya kibanda chenye kitambaa chekundu mlangoni. Ndani, mganga anatikisa kibuyu, anamimina maji kwenye beseni, kamera inasogea, na juu ya maji inajitokeza sura ya mama mkwe, au shangazi, au bibi kizee wa nyumba ya pili. Tangu dakika hiyo mtazamaji hana tena la kujiuliza. Filamu ina saa nzima mbele yake, na saa hiyo inajazwa na vilio, simu zinazopigwa na kukatwa, magari yanayoingia getini na kutoka.

Taharuki inahitaji swali ambalo mtazamaji anaweza kulifanyia kazi. Mwandishi anamwonyesha kikombe kilichooshwa wakati vingine ni vichafu, anamwonyesha mlinzi aliyesema alikuwa amelala lakini anajua mvua ilianza saa ngapi, na mtazamaji anaanza kushuku, anakosea, anashuku upya. Anapata haki ya kushindana na mpelelezi. Ramli inamnyang'anya haki hiyo, kwa sababu hakuna mtazamaji anayeweza kupiga ramli akiwa amekaa kwenye benchi la banda la video. Anaambiwa jibu, na analipokea kwa sababu hana namna.

Atakayesema kwamba kumjua mkosaji mapema si kosa, nakubaliana naye kabisa. Tamthilia ya Marekani ya Columbo, iliyoanza kuonyeshwa kwa mfululizo mwaka 1971, ilimwonyesha muuaji mwanzoni mwa karibu kila kipindi, na watu waliitazama kwa miaka mingi. Swali lilihama tu: ni kosa gani dogo litakalomnasa huyu mtu anayejiona mjanja? Lakini jibu lilitafutwa mbele ya macho yetu, kwa vitu vinavyoshikika. Huku kwetu mifano ipo. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, inamfuata Mwas, kijana anayetoka kijijini kwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji. Anaibiwa siku aliyofika, anajikuta ndani ya genge la wezi, na kuanzia hapo anaishi maisha mawili, wizi upande mmoja na mazoezi ya jukwaani upande wa pili. Mtazamaji anakaa roho mkononi akingoja maisha hayo mawili yagongane. Viva Riva! ya Djo Munga, ya mwaka 2010, inaanza na jambo ambalo kila mtu wa ufukwe huu analielewa bila kuelezwa: petroli imeadimika Kinshasa, na Riva amerudi kutoka Angola akiwa na shehena ya wizi. Kila anayeitaka petroli ile ana sababu ya kuua. Hofu yote ya filamu inatoka kwenye bidhaa inayopimwa kwa lita, na haikuhitaji ungo unaoruka.

2. Fasihi ya Kiswahili ilishamaliza jambo hili zamani. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko mengine, kwa sababu siwaombi mwige wageni. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958 kwa kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Tazameni alivyoanza. Mauaji yametokea, na yamefungamana na mahali pa mizimu, mahali ambapo watu huenda kutambika na kuomba. Kila kitu kimeandaliwa ili msomaji aseme kwamba mizimu imeua. Kisha anaingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, na anaanza kuuliza nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, nani ananufaika. Hofu ya mizimu ipo ndani ya kitabu, msomaji anaionja, haidharauliwi. Lakini haipewi mamlaka ya kutoa hukumu. Hiyo ilikuwa kazi ya mwandishi wa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili, kabla ya uhuru. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968 na Siri ya Sifuri mwaka 1974, na jina lenyewe la Giningi kwa Wazanzibari ni jina la uchawi. Alijua wasomaji wake wanaogopa nini, akaitumia hofu hiyo kuwavuta wafikiri.

Hakuwa peke yake. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na katika Kikosi cha Kisasi akampeleka mpelelezi huyo hadi Kinshasa kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Ben Mtobwa alimpa Kiswahili Joram Kiango, mtu ambaye vijana wa miaka ya 1980 walimjua kuliko walivyowajua mawaziri wao. Vitabu hivi vilisomwa kwenye mabasi, kambini, mabwenini, vikipita mkono kwa mkono namna ile ile filamu zenu zinavyopita leo. Waliovisoma hawakuwa maprofesa. Walikuwa makondakta, askari, wanafunzi, wauza duka. Kwa hiyo hoja kwamba mtazamaji wa kawaida hawezi kufuata upelelezi haina mguu wa kusimamia. Baba yake aliufuata kwa maandishi, bila picha wala muziki.

Najua pia kwamba kuhamisha kitabu kwenda kwenye filamu kunawezekana, kwa sababu Amil Shivji alikichukua Vuta N'kuvute cha Adam Shafi akakifanya filamu iliyotoka mwaka 2021, yenye njama za kisiasa na mapenzi ya hatari katika Zanzibar ya kikoloni, na dunia ikaitazama. Swali langu ni la heshima lakini sina budi kuliuliza: Bwana Msa yuko wapi kwenye skrini? Joram Kiango yuko wapi, na Willy Gamba? Nchi yenye hazina kama hiyo inaanzaje kila filamu ya uhalifu kutoka sifuri, kwenye kibanda kile kile chenye kitambaa chekundu?

3. Nje ya skrini ramli ina wahanga wake. Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Tanzania yenyewe inajua uchungu huu. Vikongwe wa Usukumani wameuawa miaka nenda rudi kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyochakaa kwa moshi wa jikoni. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, serikali yenu mwezi Januari 2015 ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli. Zambia nayo ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1914, na sheria hiyo inamhesabia kosa mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Zaidi ya karne imepita na bado watu hutajwa. Katika sehemu mbalimbali za nchi hii kumekuwa na mtindo wa kubeba jeneza mabegani na kudai kwamba marehemu mwenyewe anawasukuma wabebaji hadi kwenye mlango wa aliyemuua. Vijana wanayumba kulia na kushoto, umati unafuata nyuma, na jeneza likigonga mlango wa mzee fulani, mzee huyo amekwisha hukumiwa. Polisi wakiwahi, wanamkuta hai. Wakichelewa, nyumba imeshachomwa.

Kwenye ziwa kama letu, lenye mamba na dhoruba za ghafla, vifo vya majini havikosekani, na kila kifo cha majini huacha watu wakiuliza nani kamtuma mamba. Aliyezoea kuona filamu baada ya filamu ambamo sura ya bibi kizee kwenye beseni la maji inageuka kuwa kweli amefundishwa jambo moja bila yeye kujua: kwamba swali hilo lina jibu, na jibu lake liko kilingeni. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyozaa imani. Imani ilikuwapo kabla ya kamera. Ninachosema ni kwamba katika filamu zenu mganga hakosei. Chunguzeni kazi zilizopita mikononi mwenu miaka kumi hii na mhesabu ni ngapi ambamo ramli ilitaja mtu asiye na hatia, kisha ikathibitika hivyo. Kama mtazipata, mtazipata chache sana. Katika maisha halisi kosa hilo ndilo linaloua, na katika filamu halipo.

Na hadithi ya kusisimua kuliko zote iko hapo hapo, imeachwa bila mwenyewe. Mvuvi hajarudi. Siku ya pili mtumbwi wake unaokotwa ukielea karibu na kisiwa cha Chisenga. Wavu umo, taa za kuvulia dagaa wa chisense usiku zimo, injini haimo. Siku ya tatu mwili unapatikana kwenye matete. Jeneza linabebwa, linagonga mlango wa mama yake mdogo, mjane mwenye kiwanja kizuri karibu na soko. Kila mtu ana uhakika. Lakini injini ya boti ina namba iliyogongwa kwenye chuma, na injini haiogelei. Yupo mtu Pweto aliyeinunua, na yupo aliyemuuzia. Yupo pia kati ya wabebaji wa jeneza kijana aliyekuwa akidaiwa na marehemu, na yupo ndugu anayekitaka kile kiwanja. Mtazamaji anaiona namba ya injini dakika ya kumi, anaisahau, halafu anaiona tena dakika ya themanini ikiwa imekwanguliwa nusu kwa tindo. Hapo benchi zima la banda la video litasimama. Mwandishi yeyote anayeitaka hadithi hii na aichukue, siidai hata shilingi.

4. Kutisha na kuchekesha kunahitaji akili hiyo hiyo. Watu wetu hucheka wanapoogopa. Kaa kwenye banda lolote la video na utasikia kicheko kikifuata kila mayowe. Mussa Banzi, kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000, alionyesha kwamba filamu ya kutisha ya Kiswahili inapendwa. Vichekesho navyo havina haja ya kutetewa katika nchi iliyomzaa Mzee Majuto, Mungu amrehemu, aliyetutoka Agosti 2018 na ambaye hata akikaa kimya watu walikuwa wakivunjika mbavu. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha viwili hivyo kwa makusudi. Mara nyingi mchekeshaji anaingizwa kama mlinzi wa geti, anaanguka, anakimbia, anatoka, wakati filamu yenyewe inaendelea na mambo yake.

Zambia imetoa mfano ambao ningependa kila mwandishi wenu auone. I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni, ya mwaka 2017, inamhusu Shula, msichana mdogo anayetuhumiwa uchawi na kupelekwa kwenye kambi ya wachawi, ambako kila mwanamke amefungwa utepe mrefu mgongoni ili asiruke. Ofisa wa serikali anamchukua na kumfanya hakimu. Wanaume wamepangwa mstari, mmoja wao ni mwizi, na mtoto anatakiwa amtaje. Hajui. Anachukua simu ya mkononi na kuwapigia wale bibi wa kambini awaulize amchague yupi. Mtazamaji anacheka, na wakati huo huo anahisi baridi mgongoni, kwa kuwa mtu mzima mwenye hatia au asiye na hatia atafungwa kwa kidole cha mtoto anayebahatisha. Tukio moja tu, bila moshi wala radi, limesema kuhusu ramli yale niliyojaribu kuyasema kwa kurasa nzima.

Jordan Peele, mchekeshaji wa Marekani, alifanya jambo la aina hiyo mwaka huo huo kwa Get Out, na mwaka 2018 akapata Oscar ya muswada bora. Watazamaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuijua filamu ile: wimbo wa mwanzo, uliotungwa na Michael Abels, umeimbwa kwa Kiswahili, na unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Lugha yetu ilipewa kazi ya kumwonya mtu aliyekuwa akiingia mtegoni. Lakini tazameni mtego wenyewe ulivyojengwa. Kijana amefungwa kwenye kiti cha ngozi, na sauti ya kijiko kikigonga kikombe cha chai ndiyo inayompoteza fahamu. Tulishamwona, kwa sekunde chache, akikwangua mkono wa kiti mpaka pamba inachomoza. Baadaye tunaelewa kwamba pamba ile ameiziba masikioni. Ndiyo iliyomwokoa. Pamba haina gharama, na watu duniani kote waliondoka ukumbini wakiizungumzia.

5. Najua majibu yenu, na nayaheshimu. Wapo watakaosema kwamba uganga ni utamaduni na filamu ni kioo cha jamii. Ni kweli kwamba watu huenda kwa waganga, na filamu inayomficha mganga itakuwa ya uongo. Siombi afutwe. Aonekane, aogopwe, apendwe ikibidi, atibu kwa mitishamba kama wanavyotibu wengi kwa moyo safi; ila muswada usimpe uwezo wa kuona yaliyofichika na kisha kuuthibitisha. Apige ramli, na ramli iwe ushahidi wa mambo ya huyo mganga: nani kamlipa, nani kamnong'oneza jina. Hapo anakuwa mhusika kamili, mwenye tamaa, hofu na dhamiri. Leo ni mashine ya kutoa majibu.

Wengine watasema bajeti haitoshi. Hoja hii naielewa kuliko zote, maana soko la flashi linawanyima jasho lenu, na sisi watazamaji tumo katika kosa hilo. Lakini hesabu yenyewe inaelekea upande wangu. Radi za kompyuta, macho yanayowaka, mtu kugeuka paka, vyote hivyo vinalipiwa. Tiketi ya basi iliyochanika haina bei. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama ambayo mwenyewe aliitaja kuwa chini ya dola 200, na ikapata watazamaji duniani kote. Filamu hiyo wala haimtaji aliyemuua Kapteni Alex, na inasameheka kwa kuwa haikuahidi upelelezi, iliahidi mapigano na kicheko, ikatimiza. Filamu inayoahidi kufichua siri inabanwa na ahadi yake.

Lipo jibu la tatu, kwamba filamu lazima itoe funzo, mwovu aadhibiwe na wema ushinde. Sina ugomvi na funzo. Lakini mwovu aliyekamatwa kwa ramli hamfundishi mtoto chochote kuhusu namna ya kutambua uovu, wakati aliyekamatwa kwa uongo wake mwenyewe, kwa risiti aliyosahau, kwa shahidi aliyepata ujasiri wa kusema, anamfundisha kusikiliza, kulinganisha na kusubiri kabla ya kunyoosha kidole.

6. Malizeni hadithi. Hili ni dogo, na liko nje ya lalamiko langu la ramli. Desturi ya kukata filamu katikati na kuiita sehemu ya kwanza na ya pili ilistawi wakati wa mauzo ya diski, na diski zimepita. Huku kwetu sehemu ya pili mara nyingi haifiki kabisa. Saa moja na nusu inatosha uhalifu mmoja.

Maombi yangu, kwa hiyo, ni haya. Kwa Bodi, ambayo kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 imepewa kazi ya kukagua filamu na kuzipanga katika madaraja: naomba mkague pia namna mkosaji anavyotambuliwa. Filamu inayomtaja kikongwe, mjane au mtu mwenye ulemavu kuwa mchawi kwa ramli, na kuithibitisha ramli hiyo, isiwekwe kwenye daraja la kutazamwa na watoto. Sitaki ipigwe marufuku. Marufuku huipa filamu mbaya umaarufu isioustahili. Katika tuzo za filamu mnazoratibu, wekeni nafasi ya muswada bora wa upelelezi, na iwe na fedha, hata kidogo, zinazokwenda kwa mwandishi moja kwa moja. Zungumzeni na familia za Abdulla, Musiba, Mtobwa na Katalambulla, na wachapishaji wenye haki, ili watayarishaji wadogo wapate vitabu hivyo kwa masharti wanayoyamudu.

Kwenu waandishi, ombi ni fupi. Kabla hamjaandika tukio la kilingeni, jiulizeni mtazamaji angeweza kulijua jibu kwa njia gani nyingine, na mwandike njia hiyo. Mwandikieni askari wa kike wa kituo kidogo anayekataa kufunga jalada. Mwandikieni muuguzi anayeona kwamba sumu ina dalili. Mwandikieni bibi kizee aliyetajwa na jeneza, ambaye usiku huo huo, akiwa amejificha, anakaa na kufikiri ni nani hasa aliyetaka afe, na asubuhi anatoka na jina sahihi na sababu zake.

Na kwenu watayarishaji: soko la Kiswahili haliishii Tunduma. Linavuka hadi Kasama, linateremka Luapula, linazunguka ziwa hili hadi Pweto na Kilwa, na linaingia Lubumbashi. Tuleteeni filamu moja, hata moja tu, ambamo ramli imekosea na ushahidi umesema kweli, na ifike kabla ya Desemba, uvuvi utakapofungwa tena.

Wenu katika heshima,
Mtazamaji wa kawaida,
Nchelenge